Kabla Hujasambaza Video ya Area 51

Video huwa ni ile ile, kinachobadilika ni sauti ya msimulizi tu. Jangwa, ua wa waya, bango la kukataza kupiga picha, kisha unaambiwa serikali ya Marekani imewafungia viumbe wa sayari nyingine chini ya ardhi ya Nevada. Inaingia kwenye kundi la ukoo usiku, watu wakiwa wamejilaza. Vijana wanacheka, wengine wanaweka alama za mshangao, halafu mjomba mmoja anafunga mjadala kwa methali: lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Mjomba hajakosea. Lipo. Area 51 yamefichwa mambo mengi, kwa miongo mingi, na serikali imeyasemea uongo bila haya. Ila kusema kuna siri ni dai moja, na kusema siri yenyewe ni viumbe ni dai jingine kabisa. Video hizi zinakuonyesha ua, walinzi na bango, vitu ambavyo ni vya kweli, kisha zinajifanya zimekwisha kukuonyesha viumbe. Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla ya kubishana na mtu yeyote, ni kuchukua karatasi na kuyatenga madai hayo mawili. Upande huu andika kilichothibitishwa kufichwa. Upande ule andika kinachodaiwa kufichwa. Utashangaa jinsi upande wa kwanza unavyojaa haraka.

Aprili 1955, Richard Bissell wa shirika la ujasusi la CIA na Kelly Johnson, mhandisi wa kampuni ya Lockheed, walizunguka kwa ndege ndogo wakitafuta mahali pa kujaribia ndege ya upelelezi ambayo haikutakiwa kujulikana. Wakapata Groom Lake, ziwa lililokauka, tambarare na gumu kiasi cha kutua ndege, kilomita 130 na kitu kutoka Las Vegas, ubavuni mwa eneo la majaribio ya mabomu ya nyuklia ambako hakuna mpita njia. Rais Eisenhower akaridhia kipande hicho kiongezwe kwenye eneo la majaribio. Kwenye ramani kilikuwa kimeandikwa namba 51. Ndege yenyewe, U-2, iliruka hapo Agosti mwaka huo huo. Mwaka 1962 ikafuata A-12, ndege ya madini ya titani yenye mwendo unaozidi mara tatu ya sauti. Mwaka 1968 ikaletwa kupimwa MiG-21 ya Kisovieti ambayo rubani wa Iraq alikuwa ametoroka nayo hadi Israeli. Mwaka 1981 ikaruka F-117, ndege isiyonaswa kirahisi na rada, na umma haukuonyeshwa hata picha yake hadi Novemba 1988. Hizo ni siri zenye majina, tarehe na risiti.

Jua lilikuwa wapi?

Watu wengi wakisikia kwamba fulani kaona kitu angani, huanza kuuliza kama huyo mtu ni mkweli. Swali hilo halikufikishi mbali. Mashahidi wengi ni wakweli. Swali lenye faida ni saa ngapi, upande gani, kimo gani, na jua lilikuwa wapi wakati huo.

Chukua mfano wa U-2 yenyewe. Katikati ya miaka ya 1950 ndege za abiria zilikuwa zikiruka kati ya futi 10,000 na 20,000, na nyingi za kijeshi hazikufika futi 40,000. U-2 ilikuwa inakwenda juu ya futi 60,000, kimo ambacho watu wengi hawakuamini kwamba binadamu anaweza kukifikia. Sasa jiweke kwenye kiti cha rubani wa abiria anayetoka mashariki kwenda magharibi, jioni. Kwako wewe jua limekwisha kuzama, kiza kinaingia. Lakini aliye futi 40,000 juu yako bado analiona jua, maana upeo wake uko mbali zaidi kuliko wako. Mabawa ya U-2 za mwanzo yalikuwa ya rangi ya fedha. Mwanga ukiyapiga, wewe uliye chini unaona kitu kinawaka moto mahali ambapo, kwa ujuzi wako wote wa urubani, hakuna ndege inayoweza kuwepo. Utaripoti, na utakuwa na haki ya kuripoti.

Ripoti hizo zilikuwa zikienda kwa Jeshi la Anga, kwenye mradi ulioitwa Blue Book. Wachunguzi wake walikuwa wakipiga simu kwa watu wa CIA mjini Washington kulinganisha saa na mahali na kumbukumbu za safari za U-2. Zikilingana, jalada linafungwa, lakini aliyeripoti haambiwi ukweli. Historia ya ndani ya CIA inadai kwamba safari za U-2 na za A-12 zinaeleza zaidi ya nusu ya taarifa zote za vyombo visivyotambulika za mwishoni mwa miaka ya 1950 na sehemu kubwa ya miaka ya 1960. Mtu aliona kweli, na serikali ilificha kweli, na bado hapakuwa na kiumbe. Watetezi wa visahani, vyombo vinavyodaiwa kuwa vya viumbe, na wanaowabeza wote hupata shida kulimeza jambo hilo.

Kwa hiyo ukiona kitu wewe mwenyewe, au jirani akija kukuhadithia, andika papo hapo. Saa na dakika. Upande. Kimo juu ya upeo: nyoosha mkono, ukunje ngumi, kila ngumi ni kama nyuzi 10. Kilikaa muda gani, kiliyumba au kilikwenda mstari mmoja, kilitoa sauti? Kisha fungua programu ya nyota kama Stellarium, uweke mahali ulipo na saa hiyo. Zuhura peke yake imewadanganya watu wengi kuliko serikali zote. Ukikuta mlolongo wa taa zinazofuatana kama mabehewa muda mfupi baada ya Magharibi au kabla ya alfajiri, hizo huwa ni setilaiti za Starlink zilizorushwa karibuni, na sababu ya kung'aa kwake ni ile ile ya U-2: juu bado kuna jua. Angalia pia ramani za safari za ndege kama Flightradar24, ukikumbuka kwamba ndege za kijeshi si lazima zionekane humo.

Blue Book ilipofungwa mwaka 1969 ilikuwa na taarifa 12,618. Kati ya hizo 701 hazikupata maelezo. Mpenzi wa visahani atakutajia 701. Mbishi atakutajia zilizobaki. Ukitajiwa namba moja, daima ulizia na ile nyingine.

Muhuri si ushahidi

Ngazi inayofuata ya video hizi ni karatasi. Unaonyeshwa waraka wa zamani, taipu ya mashine, nembo ya serikali, na hapo hata mtu mwenye shahada analegea. Tuisome moja pamoja, maana ipo wazi kwenye maktaba ya mtandaoni ya shirika la upelelezi la FBI na ndiyo iliyowahi kutajwa na FBI wenyewe kuwa inayotazamwa kuliko zote humo.

Ni ukurasa mmoja wa tarehe 22 Machi 1950. Guy Hottel, mkuu wa ofisi ya FBI ya Washington, anamwandikia mkurugenzi wake. Anasema mpelelezi wa Jeshi la Anga ameeleza kwamba visahani vitatu vimepatikana New Mexico, vya mviringo, kipenyo kama futi 50, na kila kimoja kilikuwa na miili mitatu yenye umbo la binadamu, urefu futi tatu, imevaa nguo za kitambaa cha metali. Mpaka hapo msambazaji wa video ameshapiga kelele. Endelea kusoma. Mistari inayofuata inasema maelezo haya ni kwa mujibu wa mtoa habari, na mstari wa mwisho unasema hakuna tathmini zaidi iliyofanywa.

Sasa hesabu midomo. Mtoa habari kamwambia fulani, fulani kamwambia afisa, afisa kamwambia Hottel, Hottel kaandika. Hakuna hata mmoja kati yao anayesema ameona. Miezi hiyo hiyo hadithi inayofanana nayo ilikuwa ikisambazwa na Silas Newton na mwenzake Leo GeBauer, ambao mwaka 1953 walitiwa hatiani kwa utapeli wa kuuza vifaa vya kugundulia mafuta ardhini. Muhuri wa FBI unathibitisha kwamba FBI walipokea porojo na kuiweka kwenye faili. Polisi wa kituo chako nao wakiandika kwenye kitabu kwamba fulani amedai kuibiwa na jini, kitabu ni halisi.

Zipo pia karatasi za kughushi moja kwa moja. Zile za kamati inayoitwa Majestic 12, zilizoibuka miaka ya 1980, zina sahihi ya Rais Truman inayolandana mno na ile iliyo kwenye barua yake ya tarehe 1 Oktoba 1947, na nakala iliyo kwenye mafaili ya FBI imeandikwa kwa herufi kubwa kuwa ni bandia. Hizi zisikupotezee muda.

Mashahidi wa mdomo wapime kwa swali moja: uliona au uliambiwa? Bob Lazar, aliyejitokeza kwenye televisheni ya Las Vegas mwaka 1989, alidai ameona: visahani tisa karibu na Area 51, vinavyoendeshwa kwa elementi namba 115. Huyo huna pa kumbana kwenye visahani, basi mbane kwenye yanayopimika. Alidai amesoma MIT na Caltech. Vyuo hivyo havina kumbukumbu zake. Elementi 115 ilikuja kutengenezwa kweli maabara, ikapewa jina la moskoviamu mwaka 2016, na inasambaratika kwa muda mfupi mno. David Grusch, afisa wa zamani wa ujasusi, alikula kiapo mbele ya kamati ya bunge la Marekani, Congress, Julai 2023 na kusema serikali ina mabaki ya vyombo na ya viumbe wasio binadamu. Alisema pia kwamba habari hizo amezipata kwa watu wengine. Kiapo kinambana asiseme uongo kuhusu alichoambiwa. Hakigeuzi maneno ya watu kuwa chombo mezani.

Machi 2024 ofisi ya Pentagon, wizara ya ulinzi ya Marekani, inayoshughulikia mambo haya ilitoa ripoti ikisema haikupata ushahidi wa teknolojia ya sayari nyingine. Na hapo mjomba atauliza, kwa haki kabisa: hao nao si serikali?

Nani ananufaika na uvumi?

Ni serikali, na imewahi kudanganya juu ya mambo haya haya. Mwaka 1947 mabaki yaliyookotwa karibu na Roswell, New Mexico, yalitangazwa na kambi ya jeshi kuwa ni kisahani, kisha siku hiyo hiyo wakasema ni puto la hali ya hewa. Jeshi la Anga lilikuja kueleza mwaka 1994 kwamba ilikuwa mabaki ya Mogul, mradi wa siri wa maputo yenye vinasa sauti vya kusikiliza majaribio ya nyuklia ya Wasovieti. Uongo ulikaa miaka 47. Lakini angalia ulifunika nini: vita baridi. Kukanusha kwa uongo kunathibitisha kwamba kuna kinachofunikwa, basi.

Kuna linalozidi hilo. Juni 2025 gazeti la Wall Street Journal liliandika kwamba wachunguzi wa Pentagon walimpata kanali mstaafu wa Jeshi la Anga aliyekiri kuwa miaka ya 1980 alimpelekea mwenye baa mmoja jirani na Area 51 picha za kutengeneza za visahani. Zikabandikwa ukutani, walevi wakafanya kazi iliyobaki. Lengo lilikuwa kuifunika F-117. Kwa maana nyingine, wapo waliokuwa wakilipwa mshahara na serikali ili uamini kile kile ambacho video inakuambia serikali haitaki ukijue.

Ndiyo maana swali la nani ananufaika nalipa uzito kuliko mengine yote. Ukitaka kujua kilichofichwa, usitafute kitu cha ajabu. Tafuta mjane, fundi na hesabu ya fedha.

Robert Frost alikuwa fundi bati Area 51. Ngozi yake ilipata vidonda na magamba. Alifariki mwaka 1989, na uchunguzi wa tishu zake ulikuta kemikali za sumu. Miaka ya 1990 mjane wake, Helen, pamoja na mjane wa fundi mwingine, Walter Kasza, na wafanyakazi ambao majina yao yalifichwa mahakamani, walikuwa kwenye kesi dhidi ya serikali. Walidai taka zenye sumu zilikuwa zikimwagwa kwenye mashimo ya wazi kambini, zinamwagiwa mafuta na kuchomwa, moshi unawaingia wafanyakazi. Hawakudai kisahani wala siri ya rada. Walitaka waambiwe walivuta nini, ili madaktari wajue wanatibu nini.

Serikali haikukubali hata kulitaja jina la mahali. Septemba 1995 Rais Clinton alitia sahihi uamuzi wa kuiondolea wajibu wa kufichua taarifa za mazingira sehemu iliyoitwa kwenye karatasi hiyo kituo cha Jeshi la Anga karibu na Groom Lake. Kesi ikagonga ukuta wa siri za taifa, na mwaka 1998 ikafa kabisa. Mwaka huo wa 1995 serikali ilitwaa pia vilima viwili, Freedom Ridge na White Sides, ambako raia walikuwa wakipanda kuitazama kambi kwa darubini.

Linganisha kelele. Kesi ya wajane wale waliijua wachache. Mwaka 2019 tangazo la utani la kuvamia Area 51 na kuwaona viumbe lilibonyezwa na watu zaidi ya milioni mbili Facebook waliosema watakwenda. Siku yenyewe, tarehe 20 Septemba, walifika elfu chache, wakapiga muziki kwenye kijiji cha Rachel na jirani zake, wakarudi makwao.

Namna ya kuuliza

Kwenye ua wa kambi usiende, si Nevada wala hapa kwetu. Kupiga picha maeneo ya jeshi ni kosa Kenya na Tanzania pia, na askari wa zamu hatakusikiliza ukimwambia unatafuta visahani. Kaa mezani. Google Earth inakuonyesha Groom Lake, na ina kitufe cha picha za miaka iliyopita: utaona majengo yakiongezeka mwaka hadi mwaka.

Kisha andika ombi. Sheria ya uhuru wa taarifa ya Marekani, iliyosainiwa mwaka 1966, inamruhusu mtu yeyote kuomba, hata asiye raia. Usiombe "mafaili yote ya viumbe". Utajibiwa kwamba hakuna. Jeffrey Richelson, mtafiti wa National Security Archive iliyoko Chuo Kikuu cha George Washington, mwaka 2005 aliomba waraka mmoja kwa jina lake: historia ya ndani ya CIA kuhusu U-2 na A-12, ambayo awali ilikuwa imetolewa sehemu tu mwaka 1998, ikiwa imejaa mapengo. Aliupata mwaka 2013, kurasa zinazokaribia 400, jina Area 51 likiwa limeandikwa waziwazi pamoja na ramani. Mengi niliyosimulia juu ya kimo na mabawa ya U-2 yanatoka humo. Subira yake ya miaka minane ilifichua zaidi ya video zote zilizowahi kupita kwenye simu yako.

Kwetu sheria zipo, zote za mwaka 2016, kwa raia. Kenya ofisi inatakiwa kukujibu ndani ya siku 21, Tanzania ndani ya siku 30, na zote mbili zina kifungu cha usalama wa taifa kinachowaruhusu kukunyima. Wakati mwingine hata ombi halihitajiki. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ya kilo 500 hivi, kipenyo mita mbili na nusu, ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni. Uvumi ulianza kabla haijapoa. Siku mbili hazikupita, Shirika la Anga za Juu la Kenya likatoa taarifa: inaelekea ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi. Likikuangukia la namna hiyo shambani, usiliguse, maana huenda lina kemikali. Liweke mbali na watoto, piga picha ukiwa na kitu cha kulinganisha ukubwa, ita polisi, halafu ngoja wenye kazi yao waseme.

Ukipata jibu la Wamarekani lisemalo hawawezi kuthibitisha wala kukanusha kwamba waraka upo, usilitafsiri kuwa ndiyo. Kauli hiyo ilizaliwa miaka ya 1970, waandishi walipouliza kuhusu meli ya Glomar Explorer iliyotumwa kuinua nyambizi ya Kisovieti iliyozama, na tangu hapo hutumika kwa mambo makubwa na madogo. Zikija kurasa zilizopakwa weusi, usikodolee weusi. Soma kilichoachwa: tarehe, ofisi zilizopelekewa nakala, namba za kurasa zinazorukwa. Pembeni ya kila doa huwa pameandikwa kifungu walichokitumia. Kifungu (b)(1) ni usalama wa taifa, (b)(6) ni faragha ya mtu, kwa kawaida jina la karani tu. Kama waraka huo ulishawahi kutolewa huko nyuma, tafuta toleo la zamani uyalaze mawili sambamba, maana mara nyingi lililofutwa huku limesahaulika kule. Na kama hujaridhika, barua yao yenyewe inakueleza pa kukata rufaa; una siku zisizopungua 90.